Mkalimani wa Gredi ya Kwanza

Alhamisi ya wiki ya kwanza ya Januari Darmi aliamka mapema, akakamua ng'ombe wawili waliobakishwa nyumbani kwa ajili ya maziwa, kisha akamwambia mumewe kwamba anakwenda shuleni kuchukua ile karatasi.

Mumewe, Mahadi, alikuwa ameketi mlangoni akitengeneza ukanda wa kandambili. Aliuliza karatasi gani, ingawa alijua. Darmi akamjibu kuwa ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kile walichokiacha kwa mwalimu mkuu mwezi wa kumi na moja, siku ya kuandikisha. Mahadi akamwambia aachane nacho, karatasi ile haina kazi tena. Darmi alivaa buibui, akachukua fimbo ya kupimia matope, akaondoka.

Mtoto mwenyewe alikuwa Rayyan, binti yao wa pekee, wa miaka sita. Alikufa katikati ya Desemba, siku ya nne ya homa. Mvua zilikuwa zimekata njia ya kutoka kijijini, bodaboda hazipiti, wakangoja siku mbili wakidhani maji yatapungua. Siku ya tatu walimbeba hadi barabara ya lami karibu na Minjila, wakapata gari la kuwafikisha hospitalini Garsen. Huko walipokelewa vizuri, akatundikiwa maji, akapewa dawa, na alfajiri ya siku ya nne akakata roho. Alizikwa kabla ya adhuhuri.

Tangu siku hiyo Darmi hakuwa amelia kilio cha kueleweka. Majirani walikuja, wakapika, wakakaa naye, wakaondoka, naye akaosha vikombe walivyoacha. Akipewa chakula alikula. Akiambiwa alale alijilaza. Mtu akimuuliza hali alijibu hajambo, na hakuwa akidanganya, maana hakuona ndani yake kitu chochote cha kuficha. Kijijini waliacha kumwita Mama Rayyan. Hakuna aliyepitisha uamuzi huo. Mmoja mmoja walirudia jina lake la usichana, wakilitamka kwa uangalifu, naye akaitika.

Njiani alimkuta jirani yake Kadra akielekea huko huko. Kadra alikuwa amemwandikisha binti yake Hamdi siku ile ile alipoandikishwa Rayyan, na hao wawili walikuwa wakicheza pamoja tangu wajue kutambaa. Siku hiyo Hamdi alikuwa ameachwa kwa bibi yake, kwa kuwa shuleni kulikuwa na mkutano wa wazazi peke yao. Kadra alipomwona Darmi alipunguza mwendo. Walitembea sambamba, wakizunguka pale maji yaliposimama, mpaka bati za shule zikaonekana.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Gershom, alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi akisalimia watu kwa mkono. Alikuwa Mpokomo wa kijiji cha Wema, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya shingo, na hakusahau sura. Alimkumbuka Darmi kwa sababu siku ya kuandikisha ni yeye peke yake aliyezungumza Kiswahili bila kusitasita kati ya mama wa Kiorma wote waliofika. Darmi alikuwa amekulia kwa shangazi yake Garsen, akiuza maziwa stendi tangu akiwa mdogo, na Kiswahili alikipata kwa madereva na wanunuzi. Kusoma hakujua.

"Karibu sana, Mama Rayyan," alisema mwalimu mkuu. "Umefanya vizuri kuja."

Darmi akamweleza kwamba amefuata cheti tu. Mwalimu mkuu akasema vyeti vyote viko mezani, tayari vimetolewa nakala, na kila mzazi atapewa chake baada ya mkutano. Kwa hiyo akae, aijue shule. Darmi angeweza kumwambia pale pale. Maneno yenyewe hayakuwa mengi. Lakini nyuma yake kulikuwa na wazee wawili waliokuwa wakingoja kusalimiwa, wakasogea, naye akawapisha akaingia.

Mkutano ulifanyiwa ndani ya darasa la Gredi ya Kwanza. Wazazi walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewapanda kifuani. Mbele walikaa wakulima wa kando ya mto, wake kwa waume, wengi wao wameshawahi kusomesha watoto wakubwa hapo. Nyuma walikaa mama wa Kiorma kutoka vijiji vingine, na kati yao wengine walikuwa wageni, familia zilizoteremka kutoka upande wa Bangale baada ya kiangazi kumaliza mifugo yao. Hao shule walikuwa wakiiona kwa mara ya kwanza kutoka ndani.

Mwalimu Gershom alisema maneno machache ya kufungua, akawatazama watu wa nyuma. Mwalimu aliyezoea kuwatafsiria alikuwa amehamishiwa shule nyingine. Akauliza nani atasaidia. Watu wakageuzana shingo, na macho ya mwalimu mkuu yakatua pale alipokuwa akiyategemea.

"Mama Rayyan, tafadhali. Kiswahili chako kinatutosha sote."

Kadra alimshika buibui akamnong'oneza kwa Kiorma akae, si lazima. Darmi akautoa ule mkono polepole. Alisimama akaenda mbele, kwa sababu ameitwa.

Mwalimu mkuu alianza na saa. Alisema saa mbili kasorobo kila mtoto awe uwanjani. Shule haina kengele ya dukani. Wanagonga rimu ya lori iliyotundikwa kando ya jiko, na sauti yake inafika mbali. Bendera hupandishwa Jumatatu na Ijumaa. Saa nne watoto wanakunywa uji, mchana wanakula mahindi na maharagwe, na Gredi ya Kwanza wanarudi nyumbani mapema kuliko wakubwa. Darmi aliyapokea maneno hayo moja moja akayasema kwa Kiorma. Aliona ni kazi nyepesi. Maneno yalipita kwake kama yanavyopita kwa mtu anayetumwa salamu.

Mwalimu mkuu akaendelea na mavazi, kwamba wasichana wanaruhusiwa kujitanda, mradi rangi iwe ya shule. Akasema watoto wa Kiislamu wana mwalimu wao wa dini na wa Kikristo wana wao, na Ijumaa ratiba inaachia nafasi ya sala. Akasema hapo hapigwi mtoto. Mama mmoja mgeni akataka kujua ikiwa binti yake ataadhibiwa kwa kutojua Kiswahili, maana nyumbani hawakisemi. Mwalimu mkuu akamjibu kwamba nusu ya walimu wake nao walikuja shuleni hivyo hivyo, na kwamba mtoto huchukua lugha haraka kuliko anavyochukua mafua. Watu wa mbele wakacheka. Darmi alipotafsiri, wa nyuma nao wakacheka. Yeye alingoja wamalize.

Halafu mwalimu mkuu akasema masomo ya siku hizi yanafuata mtaala wa umilisi. Darmi akamgeukia. Neno hilo hakuwahi kulisikia stendi. Mwalimu Gershom akavua miwani, akaifuta, akajaribu kueleza, akaanza upya. Mwishowe akasema ni kwamba mtoto asikariri tu, bali aweze kufanya. Darmi alifikiri kidogo, akawaambia wale mama kwamba mtoto hataulizwa aliambiwa nini jana. Atapewa kitu, na mwalimu ataangalia mikono yake.

Wakatikisa vichwa kwamba wameelewa. Mwalimu mkuu akataka kujua amewaambia nini, Darmi akamrudishia kwa Kiswahili. Mwalimu Gershom akasema kuanzia leo na yeye ataeleza hivyo.

Ikaja zamu ya fomu. Kila mzazi aandikiwe nambari ya simu ya mtu wa kupigiwa mtoto akiugua. Hapo mwalimu mkuu aliacha utani. Alisema mtoto mwenye homa asiletwe shuleni kwa kutumaini kwamba itapoa. Apelekwe kupimwa siku ile ile ya kwanza, kwa sababu malaria haingoji.

Kadra aliinamisha uso. Darmi alitafsiri. Sauti yake haikubadilika. Ilitoka ile ile aliyosemea uji na bendera, na yeye mwenyewe aliisikia kama inatoka dirishani. Alipofika mwisho wa maneno ya mwalimu haikusimama. Iliendelea kusema, kwa Kiorma, kwamba kama mvua imekata njia wasingoje maji yapungue. Wambebe mtoto mgongoni waanze kutembea, hata kama ni usiku, hata kama mume anasema wangoje asubuhi.

Wale mama wakaitikia, wakidhani bado ni maneno ya mwalimu mkuu. Ndani ya chumba kile ni Kadra peke yake aliyejua kwamba mwalimu hakusema hivyo.

Yule mama mgeni aliyeuliza kuhusu Kiswahili akainua mkono tena. Alisema wao ni watu wa kuhama. Malisho yakiisha hapa watafuata ng'ombe, na mtoto ataondoka nao. Je, shule itamfungia mlango akirudi? Darmi akalifikisha swali.

"Hatumfungii mtu mlango," alisema Mwalimu Gershom. "Mkihama njooni mseme. Tutawapa barua, mtoto aingie shule ya huko, na mkirudi tutampokea. Lakini semeni. Mkiondoka kimya, jina linabaki kwenye rejista. Mwalimu Loise ataliita kila asubuhi, na kila asubuhi ataandika hayupo. Ataliita muhula mzima, na sisi hatujui mtoto yuko wapi."

Darmi hakutafsiri mara moja. Alitazama pembeni, alipokuwa ameketi Mwalimu Loise, msichana wa miaka ishirini na kitu, mwalimu wa Gredi ya Kwanza, na mbele yake daftari pana lenye jalada la kijani. Alikuwa amepanga kuchukua cheti na kurudi nyumbani bila kuongea na mtu. Sasa alielewa kwamba hilo lisingemaliza kitu. Watu wa nyuma walikuwa wakimngoja. Kadra akajiinua nusu kwenye dawati. Ndipo Darmi akayasema yote, neno kwa neno, hata lile la muhula mzima.

Baada ya hapo wazazi walitembezwa. Walionyeshwa tangi la maji, jiko, sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake, na vyoo vipya, vya wasichana upande mmoja na vya wavulana upande wa pili, vyenye milango ya kufungwa kwa ndani. Wale mama wageni waliingia mmoja baada ya mwingine kujaribu komeo. Darmi alisimama nje akieleza jinsi linavyosukumwa. Waliporudi ofisini vyeti vikagawiwa, kila jina likisomwa na Mwalimu Gershom mwenyewe. Darmi akapokea cha kwake, akakikunja mara mbili, akakitia ndani ya nguo.

Kadra alimngoja getini. Darmi akamwambia atangulie.

Mwalimu Loise alikuwa peke yake darasani, akibandika vipande vya karatasi ya manila kwenye madawati. Kila kipande kilikuwa na jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu nene ya bluu. Alimshukuru Darmi kwa kazi aliyoifanya, akasema bila yeye wangekuwa bado wako kwenye uji.

"Mwalimu," Darmi akasema, "ukifika kwenye jina la Rayyan usiliite."

Mwalimu Loise alitabasamu. Alidhani mtoto ana jina jingine la nyumbani, na hilo ni jambo la kila mwaka. "Nimwite nani basi, mama?"

"Usimwite. Alikufa mwezi uliopita."

Mwalimu Loise aliweka gundi juu ya dawati. Alikaa kwenye kiti kidogo cha mtoto, akasema pole, akaisema tena. Kisha akauliza kwa nini basi alisimama mbele ya watu muda wote ule, akaeleza yote yale.

"Niliombwa nisaidie," Darmi alisema.

Mwalimu akaifungua rejista. Majina yalikuwa yameshaandikwa, mistari mirefu, na pembeni ya kila jina visanduku vitupu hadi mwisho wa ukurasa. Akaweka kidole kwenye mmoja. Akamwambia kwamba anaweza kukata jina sasa, au Darmi akafikirie kwanza nyumbani, hakuna haraka.

Darmi alilitazama lile jina asiloweza kulisoma. Nyumbani hakuna aliyelitaja tangu siku ya maziko. Mahadi alisema mtoto, na majirani walisema yule. Hapa mwalimu angelisema kwa sauti kila asubuhi, watoto thelathini na kitu wakisikiliza, na hilo peke yake halikuwa jambo baya. Lakini baada ya kuitwa lazima kuwe na anayeitika, na watoto walivyo, wangejibu wao. Wangesema hayupo, mwalimu, kwa pamoja, na kesho wangesema tena.

"Kata," akasema.

Mwalimu Loise alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja ulionyooka. Darmi alitazama jinsi wino unavyokauka. Alingoja aone kama atasikia kitu. Aliona tu kwamba rula ile ilikuwa imelika upande mmoja, na kwamba nje mtu anaburuta kuni.

Aliyelia ni mwalimu. Alilia akijaribu kujizuia, mkono umeziba mdomo, na Darmi akazunguka dawati akamshika bega. "Basi, mwalimu," alimwambia. "Basi, imetosha." Aliutazama mkono wake juu ya bega la yule msichana, akaona kwamba unamfariji vizuri.

Alipotulia, mwalimu alifungua bahasha akatoa kipande cha manila chenye jina la Rayyan. Akauliza kama angependa kwenda nacho. Darmi alikipokea, akakigeuza, akaona upande wa pili ni mweupe.

"Huku hakujaandikwa," alisema akimrudishia. "Mwandikie mwingine."

Nyumbani alikiweka cheti ndani ya sanduku la nguo. Mahadi alimwona, akatoka nje.

Jumatatu, jua halijachomoza vizuri, Kadra alibisha hodi akiwa na Hamdi. Msichana alikuwa amevaa sare iliyomzidi, mikono ya shati imekunjwa mara tatu. Kadra alisema anaogopa kufika peke yake. Huenda wakamuuliza kitu kwa Kiswahili naye akabaki anatabasamu tu kama mjinga. Alilisema akitazama chini, kisha akaongeza haraka kwamba kama Darmi hawezi ataelewa, wala hatahesabu ni kosa.

Darmi akachukua buibui lake.

Mlangoni mwa darasa Hamdi aligoma. Aling'ang'ania nguo ya Darmi, si ya mama yake, na ikabidi Darmi avifungue vile vidole kimoja kimoja. Alichuchumaa akamweleza kwa Kiorma choo kiko wapi na komeo linasukumwaje, maji yanachotwa wapi, na kwamba kichwa kikimuuma amwambie mwalimu papo hapo, asingoje kurudi nyumbani. Akamuuliza umesikia? Hamdi akasema amesikia. Darmi akamtaka ayarudie yote. Mtoto akarudia, akakosea habari ya maji, akarekebishwa, akaingia.

Walisimama karibu na dirisha majina yakiitwa. Mwalimu Loise aliyasoma kwa mfululizo, jina baada ya jina, bila kusita mahali. Hamdi aliitikia kwa Kiorma, darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka akatia alama. Kadra akamshika Darmi mkono. Walikaa hivyo mpaka orodha ikaisha, halafu wakageuka kurudi. Mwalimu Gershom aliwakuta getini. Alikuwa ameshaambiwa. Alivua miwani akatoa pole kwa maneno machache. Kisha akasema kuna mkutano mwingine mwezi wa pili, na kwamba hathubutu kumwomba.

Darmi alimwambia yeye si mzazi wa hapo.

"Najua, mama," mwalimu mkuu akasema.

Alipofika nyumbani Mahadi alikuwa bado hajaenda machungani. Alikaa kwenye kigoda akinywa chai iliyopoa. Darmi alianza kufagia uwanja. Alikuwa amefika katikati Mahadi alipouliza, bila kumtazama, ile shule ikoje.

Darmi akasema ni nzuri.

Mahadi akauliza watoto wanakula nini. Darmi akamwambia uji saa nne, mahindi na maharagwe mchana. Akauliza nani anapika, akaambiwa ni mama mmoja wa Minjila pamoja na dada yake. Akataka kujua kama watoto wetu wanalazimishwa kusoma dini ya wengine, na Darmi akamweleza habari ya mwalimu wa dini na ratiba ya Ijumaa. Alisimulia huku ameegemea ufagio. Alimweleza rimu ya lori, na sufuria, na wale mama waliopanga foleni kujaribu komeo la choo. Mahadi alisikiliza, akiuliza kila mara kitu kidogo, ukubwa wa darasa, idadi ya walimu, kama madirisha yana vioo. Jua likafika miguuni pao. Akasogeza kigoda kivulini, akamwekea mkewe nafasi ya kukaa, na Darmi akakaa.

"Na Rayyan wangemketisha wapi?" aliuliza Mahadi.

"Safu ya pili," Darmi alisema. "Karibu na dirisha."

Mahadi alitikisa kichwa. Alimaliza chai yake, akachukua fimbo, akawafuata ng'ombe.

Mwezi wa pili, siku ya mkutano, Darmi alikwenda. Walikuwepo wazazi wapya sita, na mmoja wao alitaka kujua umilisi ni nini.